Amri ya Kuhamia Barabarani

Nilizaliwa Maili Saba, kwenye barabara inayotoka Korogwe kwenda Handeni, nikasoma hapo, nikaja kufundisha hapo, na kwa miaka mingi sikujua kwamba watu wetu hawakuwa wa hapo. Jina lenyewe lilitokana na jiwe. Serikali ya Waingereza ilipima barabara kuanzia mjini, ikasimika mawe yenye namba, na watu walioamriwa kukaa karibu na jiwe la saba wakaitwa watu wa Maili Saba. Baadaye barabara ilianza kupimwa kwa kilomita, na jiwe likang'olewa na tingatinga wakati wa kuweka lami, lakini jina likabaki. Makondakta wanalijua. Limeandikwa kwenye ukuta wa shule na kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mto mdogo unaoshuka kuelekea bondeni. Tuliuita Mpaka. Tulikwenda Mpaka kuchota maji, tulikwenda Mpaka kufua, na mtoto akiugua tumbo aliulizwa kama amekunywa maji ya Mpaka bila kuyachemsha. Haikunijia akilini kwamba lile ni neno la Kiswahili lenye maana yake. Ng'ambo kulikuwa na mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na hatukuruhusiwa kuvuka.

Bibi yangu, mama yake baba, hakulitumia jina la Maili Saba. Mgeni akimuuliza kwao, alijibu Kwemizinga. Sisi watoto tulidhani ni jina la kizee la kijiji kilekile. Nilikuwa darasa la tatu au la nne nilipomuuliza tukiwa mtoni kwa nini haiti kijiji kama watu wengine. Alikuwa anasugua sufuria. Akanyoosha mkono wenye majivu kuelekea kwenye mkonge, akasema kwa Kizigua kwamba Kwemizinga ni kule, kwamba watu walitundika mizinga ya nyuki kwenye miti ya kule, na kwamba baba yangu alizaliwa kule. Kisha akaniambia nimpe sufuria nyingine.

Habari nyingine alinipa vipandevipande katika miaka iliyofuata, na ilikuwa hivi. Babu alikuwa jumbe, kiongozi wa kijiji chini ya serikali ya Waingereza. Siku moja aliitwa bomani, akarudi na amri. Ardhi yote ng'ambo ya mto ilikuwa imepewa shamba la mkonge. Mto ndio mpaka. Wenyeji wote wa ng'ambo wahamie barabarani, wajenge kwa safu, na kila nyumba itoe mtu wa kufyeka na kufukia mashimo barabara ipitike mwaka mzima. Mavuno yakiisha asibaki mtu ng'ambo. Babu akawakusanya watu akaitangaza, na yeye akawa wa kwanza kubomoa nyumba yake na kubeba nguzo. Wengine wakafuata. Mdogo wake wa tumbo moja akakataa. Askari wakaja, wakamchomea nyumba, naye akaondoka na mke na watoto, akaenda kuanza upya upande wa Kabuku. Kufikia hapo bibi alikuwa anatafuta kazi nyingine ya kufanya, na mimi nilijua mazungumzo yamekwisha.

Sikuwahi kuona watu wa babu mdogo, yaani huyo mdogo wake babu, kwenye harusi wala msiba wetu. Babu alipokufa nilikuwa msichana mkubwa, na nakumbuka baba alituma mtu Kabuku kupeleka taarifa. Mtu yule alirudi peke yake.

Shamba la mkonge lilipita mikononi mwa wengi. Likawa la serikali, likauzwa, mwisho likafa. Mkonge ukaachwa bila kukatwa, ukatoa milingoti mirefu, majani yakala barabara za ndani. Wafugaji wakaanza kulisha humo. Mimi wakati huo nilikuwa nimestaafu ualimu na nimejenga Korogwe mjini, ila nilikwenda Maili Saba kila wiki kwa mdogo wangu wa kiume aliyebaki na nyumba ya baba. Ndipo likatangazwa kwamba hati ya lile shamba imefutwa na sehemu yake inarudishwa kwa kijiji. Mtendaji alibandika tangazo kwenye mlango wa ofisi: wenye uhaba wa ardhi watapewa, na pia familia zilizohamishwa zamani kutoka ng'ambo ya mto zijitokeze.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji walijaa watu niliowajua na wengine nisiowajua. Wale wageni walikuja na gari la kukodi, wakakaa pamoja upande wa nyuma. Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mtulivu niliyemfundisha hesabu, alikuwa anaeleza utaratibu wa wapima ardhi pale mwanamke mmoja katika lile kundi aliposimama. Umri wake ulikaribia wangu, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni, na pua yake ilikuwa pua ya baba yangu kabisa. Alijitambulisha kuwa ana duka Kabuku na kwamba babu yake alikuwa mtu wa Kwemizinga.

"Tangazo linasema waliohamishwa," alisema. "Babu yangu hakuhamishwa. Alichomewa nyumba. Na aliyeichoma ni kaka yake, jumbe wenu."

Mdogo wangu alisimama kabla yule mama wa Kabuku hajakaa. Alisema nyumba ilichomwa na askari, kila mtu anajua, na watu wasije na maneno ya Kabuku kutafuta ardhi kwa kumchafua marehemu. Vijana wa upande wetu wakaanza kelele. Mmoja wa wale wageni akasogea mbele, mgambo naye akasogea. Mwenyekiti akaufunga mkutano, akaweka mwingine baada ya wiki mbili. Watu walipokuwa wanatawanyika alinifuata, akanisalimia shikamoo kama zamani, akaniomba nizungumze na ndugu zangu, kwa sababu mambo ya ardhi akiyaamua yeye peke yake yatazaa damu.

Nilijua mtu mmoja tu aliyekuwapo siku ile na bado yu hai. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa anaishi Mombo kwa binti yake anayewauzia chakula abiria wa mabasi. Miguu ilikuwa imemkatalia lakini kichwa kilikuwa kizima. Nilimkuta asubuhi kwenye kitanda cha kamba uani, anachambua mchele wa biashara ya binti yake, maana hakupenda kukaa bure. Nilimwamkia, akanipokea, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha nikamsimulia mkutano wote, pamoja na maneno ya yule mama.

Alichagua kokoto moja, akaitupa pembeni.

"Ni babu yako aliyechoma," akasema.

Nilimuuliza kama aliona kwa macho yake au alisimuliwa. Akasema aliona, alikuwa amembeba baba yangu mgongoni. Askari walikuja asubuhi na tarishi wa boma. Walikuwa wanataka kuchoma nyumba pamoja na ghala, na mahindi yalikuwa ndani, mwaka ule mvua zilikuwa chache. Babu akawaomba wamwachie kazi ile aifanye mwenyewe. Akaingia ghalani na bibi, wakatoa mahindi yote wakayaweka chini ya mti, wakatoa mbuzi, wakatoa vyungu. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye jiwe na hakuinuka kusaidia. Kisha babu akachukua kijinga cha moto jikoni kwa shemeji yake akakipandisha kwenye paa.

"Babu mdogo alifanya nini?"

"Alimtazama tu. Baadaye wakabeba wanachoweza, wakaondoka. Mahindi mengi waliyaacha palepale, tukayala sisi."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, na nikaona ndilo lililomuuma miaka yote, hata kuliko moto. Alisema bibi aliwakataza watoto kulitaja, na kwamba aliyebuni habari ya askari kuchoma ni bibi mwenyewe, si babu. Babu hakuwahi kusema lolote. Nikamuuliza ule mto uliitwaje kabla ya kuitwa Mpaka, nikitumaini jina zuri la Kizigua la kupeleka kwenye mkutano. Akanishangaa. Akasema waliuita mto, tu. Hakukuwa na mwingine karibu.

Nilirudi Korogwe nikiwa sina raha. Nilikuwa na babu mmoja moyoni, mzee mpole aliyenifundisha kufunga kamba za mzigo, na sasa nilikuwa na wawili. Nilifikiria kunyamaza. Ardhi ilitosha, watu wa Kabuku wangepewa chao bila mimi kufungua kinywa. Lakini yule mama alikuwa ameitwa mwongo mbele ya kijiji na ndugu yangu mwenyewe, wala hakuwa mwongo. Nikaomba namba yake kwa mwenyekiti, nikampigia, nikamwambia nataka twende pamoja ng'ambo tukapaone.

Alikuja na mwanawe wa kiume aliyeshika panga. Tulivuka mto kwenye mawe, maji yakiwa ya vifundoni, tukaingia kwenye mkonge. Kijana alitangulia akifyeka. Yule mama alikuwa ameambiwa na baba yake kwamba nyumba yao ilikuwa juu ya mwinuko, na makaburi yalikuwa chini yake kidogo. Tuliuona mwinuko. Makaburi hatukuyaona. Trekta za shamba zilikuwa zimelima pale kwa miaka mingi, na palipokuwa na mawe makubwa yalikuwa yamesukumwa pembeni pamoja na visiki. Tulisimama kwenye jua tukitazama mkonge, na viumbe pekee tuliowaona walikuwa ng'ombe wa wafugaji.

Nikamweleza yote niliyoambiwa Mombo, pamoja na mahindi. Mwanawe aliacha kufyeka akasikiliza.

"Sisi tulijua, dada," alisema nilipomaliza. "Babu alitusimulia, hata hilo la kutoa vyungu. Hakumlaani kaka yake. Ila alisema hatakanyaga kwake mpaka mtu wa nyumba ile aseme kwa mdomo wake kwamba ni jumbe aliyechoma. Akafa akisubiri. Baba naye akafa."

Nikamuuliza kama taarifa ya msiba wa babu iliwafikia. Akasema iliwafikia, na babu yake alivaa kanzu, akatoka mpaka kituo cha basi, akarudi.

Jioni ile nilikwenda kwa mdogo wangu nikamwambia nitasema nini kwenye mkutano. Aliniambia shangazi amezeeka, hajui anachosema. Nikamwambia aende Mombo akamuulize. Hakwenda. Aliniambia pia kwamba mimi nimejenga mjini, ni rahisi kwangu kulivua nguo jina la ukoo, kisha nikapanda basi nikaenda zangu. Hilo lilinigusa kwa sababu lilikuwa na kweli ndani yake.

Mkutano wa pili niliomba nafasi mapema. Nilisimama nikasema kwamba mimi ni mjukuu wa jumbe, kwamba amri ilitoka bomani lakini moto uliwashwa na babu yangu, na kwamba mahindi yaliyoachwa yaliliwa na nyumba yetu. Nikasema ninaomba radhi kwa niaba ya wanaokubali nifanye hivyo. Mdogo wangu aliondoka nikiwa bado nazungumza. Yule mama wa Kabuku alikuja mbele akanishika mkono, hatukulia, akasema wamepokea, akarudi kukaa. Mwenyekiti akaendelea na ajenda.

Watu wa Kabuku walipewa sehemu pale kwenye mwinuko, na sisi tukapewa chini, karibu na mto. Lililochukua muda mrefu kuliko yote likawa jina. Kile kitongoji kipya kilitakiwa kuandikishwa. Vijana walitaka kiwe Maili Saba B, kwa hoja kwamba abiria akija na pikipiki anajua pa kushuka, na Kwemizinga hakuna anayepajua. Kijana mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama mizinga yenyewe ipo. Hakuna aliyemcheka. Yule mama akajibu kwamba haipo, ila mtu akiulizwa kwao alitaje jiwe la serikali ambalo nalo halipo? Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kwemizinga ikapita kwa tofauti ya mikono michache, na kijiji chenyewe kikabaki Maili Saba kama kilivyo kwenye karatasi za wilaya. Mto ukabaki Mpaka. Aliyependekeza ubadilishwe hakuwa na jina la kuweka mahali pake.

Mdogo wangu hakunisemesha mpaka Idi. Siku hiyo alikuja Korogwe na familia yake, tukala pilau, hatukugusa habari ile. Msimu wa kupanda ulipofika alisafisha sehemu yetu, na mtu akanipigia simu kuniambia trekta aliyokodi ilipomaliza kwetu aliipandisha kwenye mwinuko ikang'oe visiki vya mkonge kwa wale wa Kabuku. Mwenyewe hajawahi kunieleza, nami sijamuuliza.

Baada ya mahindi kuota tulimchukua shangazi Mombo, tukampakia kwenye gari la jirani mpaka kwenye kivuko cha magogo kilichotengenezwa na vijana. Gari halikuweza kuvuka. Tulimfungulia mlango akatazama ng'ambo akiwa amekaa kwenye kiti. Yule mama alishuka kutoka shambani na udongo miguuni, akampa shikamoo, akapiga goti. Shangazi alimwuliza ni mtoto wa nani, akatajiwa, akamshika uso kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Waliongea Kizigua, mambo ya palizi na nguruwe pori wanaoharibu mihogo. Kisha shangazi akasema jua limekuwa kali na anataka kurudi, na tukamrudisha Mombo kabla ya adhuhuri.