Utosi Uliojaa

Ugonjwa wa mtoto wa dada yangu uligunduliwa Arua, katika chumba kilichozibwa madirisha. Daktari alibana tochi kwenye kichwa cha mtoto, na upande mzima ukang'aa mwekundu. Yalikuwa maji, yakiubana ubongo. Nilikuwa nimemaliza chuo cha utabibu mwaka uleule, nikiamini kwamba ugonjwa ukishajulikana, nusu ya kazi imekwisha.

Huko Kampala aliwekewa mrija chini ya ngozi, wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Utosi wake uliokuwa umetuna ukabonyea. Daktari wa upasuaji akamwonya dada: ukituna tena, mrija umeziba, mlete mbio.

Dada alirudi Koboko, na biashara ya nguo ikamwita Oraba. Mtoto alibaki na mama mkwe wa dada, mwanamke aliyekwisha kuzika watoto wake kadhaa waliokufa kwa kuhara na asiyekosa somo la kliniki. Huko walifundishwa, na ni kweli, kwamba utosi ukibonyea mtoto amekaukiwa maji. Dada hakumweleza zaidi. Mke wa mwana hamfundishi mama mkwe kulea. Basi bibi akawa anamnywesha mjukuu maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, akiugusa utosi na kuomba ujae.

Siku moja dereva wa lori aliniletea kuku na salamu za bibi: utosi umejaa. Nilipanda gari la kwanza kwenda Koboko.

Bibi alinipokea akicheka. "Daktari, umekonda kuliko mgonjwa! Huko hakuna mutu ya kukupikia? Kuja, shika hapa. Si imejaa?"

Nikashika. Ulikuwa umekaza kama ngoma. Macho ya mtoto yalielekea chini tu, na shuka lilinuka matapishi.

"Umejaa, mama. Tumpeleke Arua sasa hivi."

"Arua ya nini? Si amepona?"

Alifia garini, mapajani mwa bibi, hatujafika nusu ya njia ya Arua. Dereva akageuza gari.

Baada ya maziko bibi alinishika mkono. "Wale wangu walikufa na kiu, mwanangu. Huyu hapana."

Chuoni tulifundishwa kwamba jamaa wana haki ya kuambiwa ukweli. Nikauachia mkono wake taratibu. Dada, aliyeujua ukweli huo, alikuwa bado njiani kutoka Oraba. Nikatoka kwenda kumngojea barabarani, nizungumze naye kabla hajamfikia mama mkwe wake.