Diapazoni Yangu na Kisanji cha Papa Ilunga

Siku yangu ya kwanza kazini sikusikia hata noti moja. Mkurugenzi wa shule ya muziki, mama wa maneno machache, alinikalisha chumba cha nyuma, pale katikati ya mji wa Lubumbashi, akanipa kalamu ya risasi, kifutio na rundo la karatasi za mistari mitano mitano. Kazi ilikuwa kunakili: kuchukua partisyoni, yaani karatasi yenye sauti za wapigaji wote, na kumwandikia kila mpigaji sehemu yake.

"Ma fille, apa gomme njo mwalimu yako," aliniambia akigusa kifutio. "Unaandika, unafuta, unaandika tena. Muziki ni kuwa juste. Bingine yote ni bavardage, maneno ya bure."

Juste, kwake, ilikuwa sauti iliyo sahihi kabisa, isiyopanda wala kushuka hata kidogo. Nilinakili mpaka vidole vikaota sugu. Ninyi vijana mnaoandika muziki leo mna kompyuta inayowapigia mlichoandika kabla hamjamaliza kukiwaza. Sisi tulisikia kwa kichwa tu, na makosa yetu tuliyajua siku ya mazoezi, mbele ya watu.

Nilichotamani ni kuandika muziki wa chumbani: wapigaji watatu au wanne, kila mmoja na sehemu yake, hakuna wa kuwaongoza, wanasikilizana tu. Nilimwomba Mkurugenzi anitafutie wapiga violini wawili. Akacheka.

"Violons ya wapi? Utaandika kwa bale benye kuwa apa."

Waliokuwapo ni mwalimu wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, na mzee mmoja wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya mgodini, aliyepuliza baritoni, lile tarumbeta nene linalokaa mapajani. Niliwaandikia kurasa nyingi, zikasikika kama watu wawili wenye mafua wakisalimiana. Nikazifuta zote.

Kisha nilitumwa Sakania, mji wa reli mpakani, kufundisha uimbaji kwenye shule ya parokia. Huko nilimpata Papa Ilunga, mstaafu wa reli, ambaye maisha yake yote ya kazi alibadilisha njia za treni kwa mkono. Alipiga kisanji cha marehemu baba yake: kibao chenye ndimi kumi na moja za chuma, unazigusa kwa vidole gumba. Ulimi wa tatu haukutoa noti iitwayo la, wala la bemoli iliyo chini yake kidogo. Sauti yake ilikaa katikati, na kila alipougusa nilihisi mtu ameniita kwa jina langu la utotoni. Nilimwomba aje Lubumbashi, awe mpigaji wangu wa tatu kwenye onyesho.

"Train minaijua," alisema. "Concert njo siijue. Lakini nitakuya."

Mazoezi ya kwanza, huko shuleni Lubumbashi, yalikwenda vibaya. Kisanji kiligombana na wenzake. Mkurugenzi alisikiliza akiwa mlangoni, akasema, "Aiko juste," akaondoka. Nami, kwa hofu ya kuonekana sijui kazi, nikatoa diapazoni yangu, kile chuma cha pembe mbili kinachotoa noti ya la ileile siku zote. Nikamwambia Papa Ilunga asogeze ndimi zake ziifuate. Ulimi ukivutwa nje unarefuka na sauti inashuka. Ukisukumwa ndani, inapanda.

Akaweka kiganja juu ya kibao. "Mama, izi sauti ni baba njo alizipima. Tukizisogeza, tutazirudisha namna gani?"

"Ni paka kwa concert, Papa, siku moja tu. Kisha tutarudisha yote."

Alinitazama kidogo, akachukua nyundo yake ndogo akaanza kugonga. Alikuwa mtu wa reli, alizoea kutii ishara.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaoandika. Shingo ya selo haina vituo, kidole hutua popote. Mpuliza baritoni hupinda sauti kwa midomo. Wote wawili wangeweza kumfuata mzee bila shida, na piano, ambayo sauti zake hazisogei, hatukuwa nayo. Kati ya watatu hao nilimsogeza yule mmoja asiyeweza kurudi. Haya nilikuwa nayajua, hata nilikuwa nayafundisha. Siku hiyo sikuyafikiria.

Tulifanya mazoezi majuma sita. Onyesho lilipendeza, watu wakasimama, na Mkurugenzi akanishika mkono: "Voilà. Juste." Neno hilo nililingoja ujana wangu wote, na nililifurahia, siwafichi.

Asubuhi yake nilimkuta Papa Ilunga uani mwa shule, kisanji mapajani. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Mwishowe akasema, bila hasira, "Mama, nilisahabu. Ile ya tatu, minasikia paka ile yako tu, ya baba ilipotea."

Tulitafuta pamoja siku nne. Sauti zile hatukuwa tumezinasa kwenye mashine yoyote, niliamini masikio. Akarudi Sakania na treni. Kila nilipokwenda kumwona alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alipofariki, binti yake Astrida aliniletea kisanji, kwa kuwa baba yake aliagiza hivyo. Tangu nistaafu nimekiandika upya kile kipande. Juu ya mistari ya selo na baritoni nimeandika: fuateni kisanji. Ndiyo partisyoni yangu bora kuliko zote, na haina cha kufuata, maana kisanji chenyewe bado kinaifuata diapazoni yangu. Naitamani ile sauti ya tatu kuliko ninavyotamani ujana.

Mwezi uliopita Astrida alikuja kunisalimu hapa Katuba, mtaani kwangu Lubumbashi. Nikampigia kisanji kidogo.

"Iko muzuri, Mama. Iko juste," alisema. "Lakini wakati nilikuwa mutoto nilikuwa nalala na sauti yake, na aikuwe vile."

Nilimwomba aimbe. Akaimba sauti ya kwanza, akaimba ya pili. Kwenye ya tatu alifumba macho, midomo ikatafuta bila kutoa kitu.

"Pengine itakuya ku nyumba," akasema. "Apa kwako inakatala."

Nikakifunga kisanji ndani ya kitenge, pamoja na ile nyundo ndogo, nikampa aende navyo nyumbani. Astrida akaiona diapazoni mezani, akanyoosha mkono aichukue nayo. Nikamtangulia kuishika.

"Ile apana, mwanangu," nikamwambia. "Ile ibakie kwangu."