Shahidi wa Pili wa Ndoa ya Miza

"Nitaonekanaje kwenye picha ya mahali ambapo sikuwepo?" Miza alifoka. "Hao watu wa viza wamerogwa?"

Mwalimu Noel, mstaafu mwenye kibanda cha kujaza fomu pale Bagamoyo, alisoma tena kwenye kompyuta. Masharti yamebadilika: mke anayemfuata mume kazini ng'ambo alete picha ya wote wawili ndoa ikifungwa.

"Bi Miza, harusi si yako? Ulikuwa wapi?"

"Chumbani najifukiza udi! Ndoa kaifunga sheikh msikitini, marehemu baba akaniozesha, Yousuf akakubali. Nyie wa kanisani ndio mnasimamishana mbele za watu."

Noel alicheka, akasoma mpaka chini. Asiye na picha alete mashahidi wawili wa ndoa, waape mbele ya wakili. Mwisho Ijumaa. Baada ya hapo kiwango cha mshahara anaotakiwa kuwa nao mume kinapanda, na wa Yousuf, mpishi wa hoteli, hautafika.

Hapo Miza akaketi. Miaka mitatu ya ndoa, wamekaa pamoja miezi minane tu. Usiku anashona mashuka ya watu huku simu imeegemezwa kwenye cherehani, mume anaongea mle ndani kama redio.

Shahidi wa kwanza, mjomba wake Humoud, hana neno. Wa pili ni Abdala, seremala wa Mlingotini. Huyo hawasalimiani.

Sababu ni pilau. Shahidi wa ndoa huondoka na sinia lake. Siku ile wapishi walimsahau Abdala, akarudi kwake mikono mitupu, na mkewe Sikuzani alikuwa hakupika, anangoja sinia. Tangu hapo kila msibani, kila harusini, Abdala analidai. Miza naye, ulimi wake haujui kukaa kinywani, alimwambia mbele za watu kwamba tumbo lake lina masikio ya kusikia sufuria tu.

Alhamisi akapika pilau la mbuzi, akalifunga sinia kwa kitambaa, akapanda bodaboda hadi Mlingotini. Njiani alijipangia maneno ya kuomba radhi, lakini alipofika alitoa salamu tu.

"Shikamoo, mzee Abdala."

"Marahaba." Abdala hakuacha kupiga randa. "Hilo nini?"

Miza akamweleza yote, viza na kiapo, mpaka na ile Ijumaa.

"Basi rudi nalo. Nikila leo, kesho watasema nimeapa kwa sababu ya nyama. Kwanza kiapo."

Sinia likarudi Bagamoyo. Likaliwa na majirani.

Ijumaa asubuhi Abdala alifika kwa wakili amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Wakili akamuuliza kama kweli anaikumbuka siku ile.

"Mahari naikumbuka, sheikh namkumbuka. Nimetembea hadi nyumbani na njaa, mwanangu. Siku kama hiyo haisahauliki."

Humoud akajikohoza. Miza akatazama sakafu. Akatia sahihi Humoud, akatia Abdala, na kabla ya adhuhuri Mwalimu Noel alikuwa ameshatuma kila karatasi. Jibu likaingia hapo hapo: maombi yamepokelewa.

Miza akaingia jikoni upya. Alasiri alibisha hodi Mlingotini, akampa Sikuzani sinia kwa mikono miwili.

"Nilimkosea mzee. Na wewe pia."

Sikuzani akafunua, akaonja pembeni kwa vidole.

"Chumvi imepungua."

Jibu lilimjia Miza, tena kali. Akalimeza.

"Nipe chumvi, dada, nikuongezee."

"Pita ndani," alisema Sikuzani, akisogeza mkeka. "Tutakula wote."