Hamidu na Sakafu ya Ndiva

Kijiko kiliposhushwa kutoka kwenye lori la fuso, watu waliokusanyika walitazamana. Rogathe alikuwa ametangaza kanisani kwamba eskaveta inakuja, nao wakaja wakitegemea kuona dubwana. Kilichoshuka kilikuwa kidude cha njano kilichofubaa, hakizidi tani tatu, na kibanda chake kinamtosha mtu mmoja mwembamba.

"Ndiyo hii, Mama Blessing?" Vitus, kijana wa hapo kijijini, akamuuliza Rogathe kwa sauti. "Au mama yake anakuja nyuma?"

Watu wakacheka. Rogathe hakucheka. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, na ndiye aliyepigania mashine ije. Ndiva yao, bwawa walilochimba mababu juu ya kijiji hapa Chome, ilikuwa imejaa tope hata maji yake hayamalizi mashamba matatu. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya majembe, ulishindwa miaka miwili mfululizo, kwa kuwa vijana wengi wameteremka mijini na waliobaki migongo imechoka. Lakini chini ya tope lile kuna sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, unene wake hauzidi viganja viwili, na chini ya mfinyanzi ni mchanga mtupu. Sakafu ikitoboka, maji yanazama na maharage ya kiangazi yanakufa. Na kila mtu angejua ni nani aliyeleta chuma.

Opereta akaja kumsalimu. Alikuwa mtu mfupi wa Hedaru, wa miaka arobaini na kitu, mikono imejaa makovu ya moto wa kuchomelea.

"Shikamoo mama. Naitwa Hamidu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hezroni, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga maji ya ndiva, akasogea akimkazia macho. "Wewe nakujua. Si wewe uliyetoboa ndiva ya wenzetu ng'ambo ya mto?"

Hamidu angeweza kukana. Miaka tisa ilikuwa imepita.

"Ni mimi, mzee," akasema Hamidu. "Nilikuwa nimetoka kwenye machimbo ya jasi Makanya. Kule ukizidisha kina unasifiwa. Nikaona ndiva, nikadhani ni shimo. Nikawaongezea mita nzima, nikaiita zawadi. Wakanichinjia kuku. Wiki mbili baadaye wakanipigia simu kwamba maji hayakai."

"Na ukafanya nini?"

"Nilirudi mara tatu kuziba. Haikushika."

"Na sasa umetuletea mikono ileile!"

"Mikono ni ileile, mzee. Ila tangu siku hiyo, kila nikipata nafasi napanda milima hii kwa miguu, naingia kwenye ndiva zilizokauka, nawauliza wenyewe zilijengwaje. Mama akisema nirudi, narudi leo."

Macho yote yakamgeukia Rogathe. Mtu aliyekosea na kuficha angemfukuza papo hapo. Huyu alikuwa amekosea, akaulizwa mbele ya kijiji kizima, akajibu. Wangapi wanaoketi nyuma ya meza kubwa wanaweza hilo?

"Anza kazi," akasema.

"Leo sianzi, mama. Leo naikagua."

Akavua buti, akakunja suruali, akaingia kwenye tope na nondo nyembamba. Akaizamisha taratibu mpaka ikagota sakafu, akaichomoa, akapima alama ya tope, akachomeka kijiti chenye mkato unaoonyesha kina. Akasogea hatua mbili. Akazamisha tena. Kutwa nzima. Jioni ndiva ilikuwa imeota vijiti zaidi ya mia.

"Fundi, unapanda mahindi?" Vitus akamtania.

"Napanda macho, kaka. Kesho nitakuwa kule juu kwenye kiti, sakafu siioni."

Asubuhi ya pili aliizunguka mashine, akagusa mipira ya oili mmoja mmoja, akatazama minyororo ya kutembelea, kisha akazungushia ndiva kamba. Akaanza. Haikupita nusu saa, Vitus akavuka kamba na simu yake mkononi. Ndoo ya mashine ikashushwa chini, injini ikazimwa. Hamidu akafungua mkanda, akateremka.

"Kaka, nikigeuka, mgongo wa hiki kidude unageuka nami. Mimi kisogoni sina macho. Nitakubana kama chawa."

"Nakurekodi, fundi, upate umaarufu!"

"Nirekodi ukiwa nyuma ya kamba. Umaarufu wa kuua mtu siutaki."

Akasimama mikono kifuani mpaka Vitus akatoka.

Rogathe alikuja kusimamia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amesahau kusimamia. Mashine ilisimama juu ya mbao, mbao juu ya tope, na Hamidu akachimba huku akirudi nyuma, ili minyororo isiukanyage mfinyanzi hata mara moja. Ndoo yake haikuwa na meno; aliyakata mwenyewe na kuichomelea ukingo ulionyooka. Tope la juu alilizoa kwa pupa. Lakini kila alipokaribia mkato wa kijiti, mngurumo ulishuka, na mikono yake miwili ikaanza kwenda pamoja: mkono mrefu wa mashine unainuka, mfupi unavutwa, ndoo inakunjuka, vyote kwa wakati mmoja, na ukingo unateleza sawasawa kama maji mezani. Rogathe alifikiria mama anayebandua ukoko wa ugali bila kukwaruza sufuria. Ila sufuria hii ilikuwa na upana wa uwanja wa kanisa, na kijiko hiki kilikuwa cha tani tatu.

Siku ya tatu, katikati ya ndiva, injini ilizimwa ghafla.

Rogathe alisogea mpaka kwenye kamba. Hamidu aliteremka juu ya mbao, akainama, akabaki ameinama. Kisha akapunga mkono.

"Mama, njoo. Vua viatu."

Alikwenda akijiandaa kuona mchanga. Aliona mfinyanzi mwekundu, mzima, unaong'aa, na juu yake vishimo vidogo vya mviringo, mamia, vimesongamana. Ilimchukua muda kuelewa.

"Visigino," akanong'ona.

Ni watu walioishindilia sakafu ile kwa miguu. Tope la kwanza lilivifunika vishimo mfinyanzi ukiwa bado mbichi, likavitunza. Vipo vipana vya wanaume, vipo vyembamba, vipo vya watoto. Ndoo ya chuma ilikuwa imepita juu yake, na hakuna kishimo kilichovunjika ukingo.

Hezroni alikuwa amewafuata. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye kimoja.

"Umepitaje hapa bila kuvifuta?"

"Mzee, sijui nikuelezeje. Tope lilibadilika uzito mkononi, nikainua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Hamidu akamwonyesha ukucha.

Hezroni akasimama, akatazama ile mashine, akamtazama mtu yule mfupi. Alikwenda kuvuta ile kamba irudi nyuma hatua tano zaidi, akawafokea watu wasisukumane.

Ukanda wa mwisho wa tope Hamidu aliutoa mashine ikiwa imesimama ukingoni, siku ya nne. Jioni wakafungulia mfereji, maji yakaingia. Kazi yake ilikuwa imekwisha na fuso lilikuwa linamsubiri, lakini aliomba kulala. Alfajiri Rogathe alimkuta hatazami bwawa kabisa. Alikuwa kwenye mteremko chini ya ukingo, peku, akitembea polepole kama anayetafuta pete.

"Maji yanayovuja hutokea huku, mama," akasema. "Kule ng'ambo nilikuta hapa pamekuwa matope."

Rogathe akavua ndala, akatembea naye. Walipita mteremko wote, kutoka lango la ndiva hadi kwenye migomba, wakikanyaga kila mahali. Juu yao bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Mwishoni Hamidu alichuchumaa, akachota udongo, akaufungulia vidole. Upepo ukaupeperusha.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi, mwanangu," akajibu Rogathe, na kumwita Hezroni afungue maji yaende mashambani.