Ndoo Isiyoshika Rangi

Mimi nina kinyongo na ndoo. Cheka ukitaka.

Biashara huria ilipoingia, maduka ya Mbinga mjini yalifurika ndoo za plastiki, na akina mama wa kijijini kwetu, upande wa Litembo, wakayatupa madebe yao. Mama yangu alinunua nyekundu kwa fedha ya kahawa. Kwetu vyombo vya msiba huchangwa: kila mama wa kigango, yaani kanisa letu dogo la kijijini, huleta chake kimeandikwa jina kwa rangi ya mafuta, na matanga yakiisha huondoka nacho. Kwenye debe jina lilikaa miaka. Kwenye plastiki halikumaliza hata mwezi, lilibanduka.

Basi katika msiba mmoja zililetwa ndoo nyekundu mbili, zote majina yamebanduka, na moja ikapotea. Mama akaondoka na iliyobaki. Kesho yake mwenyekiti wa akina mama akaja uani kwetu akasema ile ni yake. Mama akasema, "Hii ni yangu," na hakuitoa. Hawakumshtaki popote. Waliacha tu kumwita jikoni kwenye misiba. Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Mama yangu, aliyesonga ugali wa misiba tangu usichana wake, sasa alikaa mkekani na wageni, mikono mapajani, akisubiri kuletewa sahani. We acha tu.

Mimi, binti yake, nilikuwa fundi wa maabara chuo kikuu, Dar es Salaam, na kazi yetu, amini usiamini, ilikuwa hiyohiyo: kuifanya plastiki ishike rangi. Plastiki ya ndoo ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tupu, haina mahali pa kushikia rangi wala gundi. Tulikuwa tunaipaka dawa, kisha tunaimulika kwa taa kali. Mwanga ukiiamsha dawa, inanyofoa haidrojeni kwenye mnyororo, na penye jeraha hilo unaota mnyororo wa aina nyingine, unaopenda maji na rangi. Ni kupandikiza, kama watu wanavyopandikiza miche ya kahawa. Nikajaribu kwa jua, juu ya paa la maabara, kwenye kipande cha ndoo. Rangi ilishika, hata kwa ukucha haikutoka. Nilipiga kelele peke yangu kule juu. Nikajua mama amepona.

Nilikwenda likizo na chupa ya dawa. Mwenyekiti, nisimwonee, alikubali nijaribu. "Ikishika tutaandika ndoo zote za kigango, na mama yako atarudi jikoni," alisema. "Tuione Jumapili."

Asubuhi moja ya jua nikaipaka ndoo dawa, nikaifunika nailoni angavu hewa isiharibu kazi, nikaiweka katikati ya uwanja. Nikamwambia mama, "Usiiguse mpaka nirudi," nikapanda gari kwenda mjini kutafuta rangi nzuri. Niliporudi alasiri ndoo ilikuwa palepale. Nikaiosha, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, tukaiacha ikauke.

Jumapili baada ya misa akina mama wakatuzunguka. Mwenyekiti akakwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Jina likatoka lote kwa mkupuo, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mmoja akacheka, kisha wote. "Eti chuo kikuu!"

Tulipokwisha kuvuka kijito, mama akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "ulipoondoka jua liliwaka sana. Jua linaua plastiki, nani asiyejua? Nikaitia ndani. Niliposikia gari nikairudisha, maana ulisema nisiiguse."

Jamani! Kazi ile nilikuwa nimewaeleza wageni wa maabara, kwa michoro, kwa Kiingereza, meno yote nje. Kumwambia mama maneno mawili tu, kwamba jua ndilo linalofanya kazi, niliona ya nini, hataelewa. Na alikuwa sahihi: mwanga uleule unaopandikiza ndio unaoipasua ndoo. Hayo nayasema leo. Siku ile nilimwambia, "Mama, umeniaibisha." Akaichukua ndoo yake akatangulia.

Nusu ya dawa ilikuwa imebaki kwenye chupa. Ingetosha kurudia. Nikaimwaga chooni kwa hasira, na kesho yake nikaondoka.

Alifariki miaka michache baadaye, hajaitwa jikoni hata mara moja. Msibani kwake walikuja wote na vyombo vyao. Kila ndoo ilikuwa imefungwa kipande cha kitenge kwenye mkono wake, kila mama na kitenge chake, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Kitambaa tu! Nilisimama mlangoni nikivihesabu vile vitambaa.

Mwenyekiti akanijia, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Akanipa pole, akanishika mkono.

"Maji hayatoshi," akasema. "Tuletee na ile ndoo ya mama yako."

Nikaingia ndani kuileta.