Wimbo Nilioupandisha Juu

Mwaka ule nilikuwa na hasira na mtu mmoja, mama yangu mzazi. Tulikuwa tumerudi Burundi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, tukapata tena shamba letu kule Buraza, na kanisani wakanikabidhi kipaza sauti niongoze nyimbo, maana kambini nilisifiwa kwa sauti yangu. Na mama, aliyenifundisha kuimba tangu nikiwa mgongoni kwake, alikuwa anakaa mstari wa tatu amefunga mdomo. Kila Jumapili. Watu wananipigia vigelegele, yeye anatazama mikono yake.

Nilichukia. Niliona ananiaibisha makusudi. Basi nikazidi kuanzisha nyimbo juu, pale sauti yangu inapopendeza, na wazee wakishindwa kufika nawakaripia palepale kwenye kipaza sauti: "Mnamwimbia Mungu au mnasinzia?"

Kisha kwaya yetu ikaalikwa Muyinga, na mama akaja nasi. Aliyeongoza nyimbo kule alikuwa mwanamke mfupi, muuza dagaa sokoni, hana hata kipaza sauti. Kabla ya kuanza alishuka kutoka madhabahuni, akamwinamia bibi mmoja wa mstari wa mbele, akamvumia mwanzo wa wimbo.

"Mama, iko inakufikia hivi? Ao nishushe kidogo?"

"Shusha," bibi akasema.

Akashusha. Kanisa likaimba, na mama yangu akaimba, amefumba macho, machozi yanamtoka. Mimi nilikaa pale nimevimba. Miezi yote ile kwangu bubu, kwa muuza dagaa ndipo anafunguka.

Njiani kurudi Buraza nikashindwa kuvumilia. "Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Unaimba mahali nisipofika, halafu unanigombeza kwa kutofika. Mimi nimezeeka, mwanangu. Uliwahi kuniuliza?"

Nilikasirika mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilishuka hadi mstari wa tatu, nikampa mama kipaza sauti aanzishe yeye. Nilijiona mnyenyekevu kweli, na nilitaka watu wote wauone huo unyenyekevu wangu. Mama alikiweka kipaza sauti kwenye benchi, akanitazama, akaanzisha wimbo chini, chini kabisa, pale wanapofika yeye na wazee wenzake. Kanisa zima likaitikia. Wale niliozoea kuwakaripia wakasimama.

Mimi sikufika. Nilijaribu, koo likakwaruza, nikabaki nachezesha midomo mbele ya kanisa, jasho linanitoka na hasira imenijaa mpaka masikioni. Wimbo ulikuwa na beti nne, na katika zote nne hakuna aliyeniuliza kama nasinzia.