Shikamoo za Njia ya Kigongo

Wanaoniita fundi wa safari ndefu za farasi hawajui kwamba ufundi wangu ulianzia kwenye makalio. Nimechoka kusifiwa adabu, ndiyo maana nasema.

Soko huria lilipoingia nilikuwa karani wa ushirika wa pamba Misungwi. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, ushirika ukalegea, nami nikapunguzwa. Mmoja wa wanunuzi hao, mgeni mwenye shamba nje ya mji, alikuwa na kichaa cha farasi. Alileta wanne. Nikaomba kazi ya kuwalisha, nikapata. Baba, mfugaji wa ng'ombe tangu utoto, alininunia wiki nzima, kisha akauliza mnyama asiyekamuliwa wala kuvuta jembe anafugwa wa nini.

"Wa kupanda, baba."

"Kwenda wapi?"

Nikaenda kazini.

Msimu wa pamba ulipokaribia kwisha, tajiri akasema atabakiza mtu mmoja tu, awe msimamizi wa zizi. Tulikuwa wawili: mimi, niliyejifunza kupanda pale pale shambani, na bwana mmoja kutoka Arusha aliyedai amepanda farasi kabla hajajua kutembea. Ili achague, tungepanda kutoka shambani hadi Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi, na kurudi.

"Si mbio," tajiri akaonya. "Daktari wa mifugo atawapima kule na hapa. Farasi akipumzika na moyo wake usitulie, umetoka. Mkitoka wote, naagiza mtu Nairobi."

Nilikuwa na watoto wawili na sikuwa na kazi nyingine. Niliitaka ile.

Tulianza alfajiri. Bwana wa Arusha aliniachia vumbi, huku akiwapungia mkono wazee njiani kama mbunge. Mimi, kabla jua halijachomoza vizuri, tandiko lilikuwa limeshanichubua hadi machozi yananilenga. Ndipo nikamwona bibi mmoja na mzigo wake wa kuni.

Kwetu Usukumani mwanamke aliyelelewa hamsalimii mkubwa wake akiwa juu ya kitu, hata baiskeli. Anashuka, anapiga goti. Nikashuka haraka kuliko adabu inavyodai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamweleza wa nani, na babu yangu wa nani, na mvua zilivyokuwa, na ng'ombe walivyoamka. Farasi akala majani. Makalio yakapoa. Nikamsindikiza bibi kwa miguu hadi kwake, nikivuta hatamu.

Baada ya hapo nikawa mwindaji wa wazee. Nilichungulia nyuma ya minyaa kutafuta mvi. Nilimwamkia hata mwanamume mmoja ambaye, nina hakika, alikuwa mdogo wangu, naye akaitikia marahaba bila haya.

Nilifika Kigongo nikiwa nimechelewa sana. Bwana wa Arusha alikuwa ameketi juu ya jiwe, farasi wake ana povu hadi mapajani. Daktari alikuwa amempima, akangoja, akampima tena, akakataa. Wangu alimsikiliza mara mbili, kisha akakitazama kipimo chake.

"Umemfanyaje huyu?"

"Nimesalimia watu."

Tajiri akafurahi mno. Akamweleza daktari habari za heshima ya Kisukuma, kisha akanifuata kwa gari, polepole, ili aione kwa macho yake. Hapo ndipo niliponasa. Kwenye vijiji mambo yalikwenda vizuri. Lakini kipande cha mwisho ni mashamba matupu, pamba imeshachumwa, jua la alasiri kali, hakuna hata mbuzi wa kumwamkia. Nikishuka bure, tajiri atajua kwamba ni makalio wala si malezi. Nikaona aibu, nikabaki juu. Farasi akaanza kuhema vibaya na kujikwaa. Niliogopa, na bado nikabaki juu.

Kwenye kona ya mwisho, katikati ya njia, alisimama baba na fimbo yake.

Nikashuka. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

Nyumbani ni kwake. Mimi na wanangu tulikuwa tukiishi hapo. Nikajibu ni nzuri. Akauliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja, wote walikuwa zizini kwake. Muda wote huo mkono wake ulikuwa kifuani mwa farasi. Alipouondoa alisema, "Sasa twende kwa miguu." Tukaingia shambani hivyo, farasi kati yetu.

Daktari akampima, akatabasamu. Kazi ikawa yangu. Tajiri akampongeza baba kwa malezi, baba akaitikia kwa heshima zote.

Tulipobaki wawili nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi tulipokutana.

"Sikuwa nakwenda popote. Wiki ya pili hii naona unavyotembea kama uliyekalia miiba. Na pale hapana watu. Nikaona utakosa wa kumshukia."

"Ulisimama tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Nikampigia goti tena, na safari hiyo makalio hayakuhusika.